Mama Aliyesoma kwa Kujificha

Mwanamke mmoja alikuwa na mama aliyejifunza kusoma akiwa na miaka sitini na minne. Mwanamke huyo aliitwa Wakesho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha milimani, huko Taita, ambako asubuhi ukungu huingia mpaka ndani ya nyumba. Mama yake aliitwa Mghoi, na maisha yake yote alikuwa mkulima wa mboga. Alipanda kwa kutazama picha iliyochorwa kwenye pakiti ya mbegu. Mwaka mmoja picha ilikuwa imefifia, akapanda figili safu saba akidhani ni kabichi, na majirani wakamcheka msimu mzima. Jioni ya siku alipozing'oa alimwambia binti yake amfundishe kusoma, hata kama ni herufi moja kwa wiki.

Wakesho alimfundisha. Ilichukua miaka miwili, kwenye meza ya jikoni, kidole cha mama kikiwa chini ya mstari. Siku Mghoi alipomaliza sentensi nzima bila kusaidiwa, aliirudia, apate kuhakikisha kwamba haikuwa bahati. Tangu siku hiyo Wakesho alimpenda mama yake kwa namna ya pili, kama mtu anavyoipenda kazi ya mikono yake. Kumbukeni jambo hilo, maana ndilo lililomponza.

Wakesho alikuwa na msimamo kuhusu vitabu. Chuoni alikosoma aliwaona wenzake wakipitisha vidole juu ya simu usiku wa kuamkia mtihani, wakichukua muhtasari hapa na muhtasari pale, na wiki moja baada ya mtihani hakuna aliyekumbuka kitu. Alitoka huko akiamini kwamba kitabu ni karatasi, na kwamba kinachopita kwenye kioo hakisomwi, kinatazamwa tu. Hakuwa amekosea kabisa, na hatari ilikuwa hapo. Mtu aliyekosea nusu ni vigumu kumsahihisha, kwa sababu kila ukimgusa anakuonyesha ile nusu iliyo sawa.

Nyumbani kwao kulikuwa na rafu yenye vitabu sitini na kimoja. Vyote vilikuwa vimejalidiwa kwa karatasi ya mifuko ya saruji, ile ya ndani ambayo haijaguswa na vumbi. Desturi hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuwa mwashi. Yeye alisema kitabu kinachoshikwa na mikono ya shambani lazima kivae nguo ya kazi. Wakesho aliifuata kwa ukamilifu. Mkunjo wa jalada ulikuwa upana wa vidole viwili, usipungue wala usizidi. Jina la kitabu aliliandika kwa kalamu kwenye uti, kwa herufi ndogo. Ukivitazama kwa mbali, vitabu vyote vilikuwa sare. Na ndani ya jalada la nyuma, kila aliyemaliza kitabu aliandika jina lake na tarehe. Wakesho alipenda kupitia tarehe hizo. Alipokuwa na siku mbaya shuleni, alifungua majalada ya nyuma na kusoma jina la mama yake.

Kila Jumamosi mchana alifundisha darasa la watu wazima katika ukumbi wa kanisa. Walioandikishwa walikuwa kumi na tisa. Aliwafundisha vizuri, kwa bidii, bila malipo, na kila alipotaka kuwatia moyo alimtaja mama yake. Mghoi alikuwa akikaa kwenye benchi la mbele, mikono magotini, akisikia watu wakimgeukia.

Sasa, Mghoi alikuwa anasoma kitabu kimoja kinene, hadithi ya mwanamke aliyeondoka kwao kwenda kumtafuta kaka yake aliyepotea. Kilikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili. Kilikuwa kitabu cha kwanza kilichomfanya asahau chungu motoni. Alipofika ukurasa wa themanini na nane, herufi zilianza kuyeyuka. Mwanzoni aliilaumu taa, halafu miwani. Mwishowe alikwenda kliniki ya macho mjini, peke yake, akamwambia binti yake kwamba anakwenda kununua mbegu. Daktari alimweleza kwamba presha ya macho ilikuwa imepanda muda mrefu, kwamba dawa ya matone ingechelewesha giza lakini isingelizuia, na kwamba alikuwa na mwaka mmoja, pengine chini ya hapo. Mghoi hakuuliza mengi. Njiani kurudi alikuwa na wazo moja tu, kwamba anataka kujua kama yule mwanamke alimpata kaka yake, na anataka kulijua kwa macho yake mwenyewe.

Alimwambia rafiki yake mmoja tu, Mkamburi, fundi cherehani, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua. Mkamburi alikuwa na kishikwambi alicholetewa na binti yake anayefanya kazi Mombasa. Alikitumia kutazama mitindo ya nguo, akiipanua kwa vidole viwili mpaka aone mshono umepita wapi. Mkamburi alimpigia simu binti yake, na baada ya siku tatu hadithi ile ile, neno kwa neno, ilikuwa ndani ya kishikwambi. Kisha akamwonyesha Mghoi namna ya kuweka vidole viwili na kuvitanua. Herufi zikakua. Zikawa kubwa kama maharagwe, nyeusi, zimetulia. Kwenye kioo yakaenea maneno matatu tu kwa mstari, lakini Mghoi aliyaona yote matatu.

"Haya, kimbia nacho nyumbani," Mkamburi akasema. "Mimi mitindo yangu nitaitazama jioni."

"Nyumbani? Wakesho akikiona?"

"Akikiona atafanya nini, Mama Wakesho? Atakunyima chakula?" Mkamburi akacheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. "Mama mzima unamwogopa mtoto uliyemnyonyesha! Unajificha kama msichana aliyeandikiwa barua na mvulana."

Mghoi naye alicheka. Hakuwa akiogopa hasira ya binti yake. Wakesho hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa akiogopa uso wake, namna ungeshuka. Mara ngapi amemsikia akisema mbele ya watu kwamba anayesoma kwenye kioo hajasoma? Na mtu aliyekupa kitu kikubwa kuliko vyote ulivyowahi kupewa, unamwambiaje kwamba hukitumii alivyokuagiza?

Basi akaanza kuishi maisha mawili. Saa nane mchana alipotoka shambani alinawa mikono, akavuka ua kukichukua kishikwambi, akakaa jikoni kusoma. Kwa herufi za ukubwa ule, na kwa mwendo wake, alimaliza kiasi cha kurasa mbili za kile kitabu cha karatasi kwa siku. Saa kumi na nusu alisikia viatu vya Wakesho kwenye changarawe. Hapo alikitia kishikwambi ndani ya kikapu cha mahindi, akakifunika kwa kitambaa, akachukua kitabu rafuni na kukifungua magotini. Hakuona chochote humo isipokuwa weupe wenye mistari ya kijivu. Lakini kidole alikiweka chini ya mstari, kama alivyofundishwa, na baada ya kuhesabu pumzi sitini aligeuza ukurasa. Pumzi sitini, ukurasa. Pumzi sitini, ukurasa. Wakesho alipita akiwa na kikombe cha chai, akamtazama, akatabasamu, akaenda kusahihisha madaftari kwa furaha.

Na kwa kuwa kitabu kinachosomwa kila siku lazima siku moja kiishe, Mghoi alilazimika kuandika. Alifungua jalada la nyuma, akapapasa mpaka akapata nafasi, akaandika jina lake na tarehe. Katika miezi sita aliandika hivyo kwenye vitabu vinne ambavyo hakuwa amesoma hata sentensi. Mwanamke huyu hakuwahi kuongeza jiwe kwenye mizani sokoni. Huo ndio uongo aliojifunza baada ya kujua kusoma.

Mwezi wa saba shirika moja lilituma ujumbe kijijini. Lilikuwa tayari kulisaidia darasa la watu wazima kwa moja kati ya mambo mawili: vishikwambi ishirini vyenye vitabu vingi ndani yake, au makasha ya vitabu mia nne vya karatasi. Wanakijiji wenyewe wangechagua, kwa kunyoosha mikono, ukumbini, Jumamosi. Wakesho hakulala vizuri wiki hiyo. Aliandika hoja zake kwenye karatasi, akazipanga, akazipanga upya. Siku ya Ijumaa aliona kwamba hoja hazitoshi, zinahitaji mtu. Akamwomba mama yake asome ukurasa mmoja mbele ya watu, kutoka kwenye kile kitabu kinene.

Mghoi alitaka kukataa. Alifungua kinywa akatae, lakini alipouona uso wa binti yake akasema, "Sawa, mwanangu." Kulikuwa na sehemu moja ya hadithi aliyokuwa ameirudia mara nyingi hata akaikariri, mahali yule mwanamke anapovuka mto. Alijiambia kwamba ataishika sehemu hiyo. Kitabu chenyewe alikuwa na namna ya kukitambua. Alikuwa amekitia uzi kwenye kona ya jalada, fundo dogo ambalo kidole kinaweza kulihisi.

Lakini Ijumaa ile ile jioni, mama yake akiwa kwa Mkamburi, Wakesho alivitazama vitabu vyake akaona majalada yamechakaa. Wageni wa shirika wangekuja. Akatoa karatasi mpya za saruji, akavijalidi upya vitabu kumi alivyotaka kuvipeleka ukumbini, mkunjo wa vidole viwili. Kwenye kimoja aliona uzi, akaudhani umetoka kwenye nguo, akaung'oa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mwadime, alieleza machaguo hayo mara mbili ili asilaumiwe. Wakesho akasimama. Alisema vizuri. Alisema kuhusu chaji inayoisha, kuhusu kioo kinachopasuka, kuhusu mkono unaoanza kwenye kitabu na kuishia kwenye picha za harusi za watu wasiojulikana. Watu walicheka pale alipotaka wacheke.

Kisha Mkamburi akainuka kutoka benchi la nyuma. "Mwalimu, yote hayo nimeyasikia. Na sisi wenye macho mabovu?"

"Mama, wewe macho yako yanatia uzi kwenye tundu la sindano kila siku," Wakesho akasema, na watu wakacheka tena.

"Uzi natiliwa, mwalimu," Mkamburi akasema. "Mwaka wa tatu sasa."

Kicheko kikakatika. Wakesho aliona kwamba ameanza kuwapoteza, akafanya lile alilokuwa ameliweka akiba. Alimwita mama yake. Mghoi akaja mbele, akanyoosha mkono kwenye meza yenye vitabu kumi vilivyovaa sare moja, akapapasa kona moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeshangaa, walidhani anachagua. Hakupata fundo. Akachukua kilichokuwa kinene kuliko vingine, akakifungua katikati, akaweka kidole, akaanza.

Alisoma juu ya mwanamke aliyefika mtoni jioni. Mwanamke yule alivua viatu akavishika mkononi, akaita jina la kaka yake mara tatu, na aliposikia maji peke yake ndiyo yanayojibu, akaingia. Sauti ya Mghoi haikutetemeka. Alisimama penye nukta, akapumua penye mkato. Ukumbi ulinyamaza hata mtoto aliyekuwa akilia akasikiliza. Wakesho alikuwa amesimama kando yake, karibu kabisa, akitabasamu, na akainamisha macho kufuatilia mstari.

Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Kwenye ukurasa wa kushoto palikuwa na jedwali la vipimo vya mbao. Kwenye ukurasa wa kulia palikuwa na picha ya mzinga uliofunguliwa, na kidole cha mama yake kilikuwa kinapita juu ya picha hiyo, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia. Kilipofika mwisho wa picha kilirudi, kikashuka kidogo, kikaanza tena. Mwanamke wa hadithini alikuwa bado mtoni.

Wakesho alielewa jambo moja tu kwa wakati ule, kwamba mama yake haoni. Mengine yalimjia baadaye. Watu walipiga makofi, wengine walisimama. Mzee Mwadime akapangusa macho, akasema hana la kuongeza, akawaomba wanyooshe mikono. Kati ya makofi na kura palikuwa na nafasi. Wakesho aliipima baadaye mara nyingi na kila mara akaikuta ni ile ile: nafasi ya kutosha sentensi moja. Hakuisema. Aliona watu wakimtazama kwa heshima, aliona karatasi yenye hoja zake mkononi, na akanyamaza. Walionyoosha mikono kuchagua karatasi walikuwa thelathini na mmoja. Wa vishikwambi walikuwa tisa, wote wa mabenchi ya nyuma, na mkono wa Mkamburi ulikuwa wa kwanza. Wakesho mwenyewe aliunyoosha mkono wake pamoja na wale thelathini.

Walirudi nyumbani. Jikoni Wakesho aliweka kile kitabu mezani, mbele ya mama yake.

"Mama," akasema, "hiki ni cha nyuki."

Mghoi akapapasa kona ya jalada jipya. Kisha akainama kwenye kikapu cha mahindi, akaondoa kitambaa, akakitoa kishikwambi kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha wizi, akakiweka juu ya meza.

"Hivyo vya karatasi nilikuwa nakufungulia wewe, mwanangu," akasema. "Changu nilikuwa nakisoma ukitoka."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Wakesho angepata cha kujitetea nacho. Mama aliona haya, na aliona haya mbele ya mtoto wake, katika nyumba yake mwenyewe, kwa sababu ya kusoma. Halafu akamweleza yote: kliniki, daktari, mwaka mmoja ambao sasa ulibakisha miezi michache, pumzi sitini. Wakesho akavichukua vile vitabu vinne, akafungua majalada ya nyuma. Mwandiko wa mama yake ulikuwa unapanda na kushuka, na kwenye kimoja jina lilikuwa limeandikwa juu ya jina jingine. Alikuwa amelitazama jina hilo mara nyingi, na mara zote alikuwa ameliona alivyotaka kuliona.

Jumatatu alikwenda kwa Mzee Mwadime kabla ya kengele ya shule, akamweleza. Mzee alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni na mswaki mkononi.

"Barua ilitoka juzi ile ile, mwalimu. Vishikwambi vimeshapewa kijiji cha pili."

"Haiwezekani kuandika nyingine?"

"Tukisema nini? Kwamba tulidanganywa?" Mzee akamtazama kwa mshangao ambao haukuwa na ubaya wowote. "Lakini wewe ulikuwa umesimama palepale, mwalimu. Si ungesema?"

Wakesho alikwenda shuleni, akafundisha vipindi vyake. Wakati wa chakula alifungua daftari la mahudhurio la darasa la watu wazima. Kati ya wale kumi na tisa, saba walikuwa wameacha kuja. Kando ya majina yao, kwa mwandiko wake mwenyewe, alikuwa ameandika "hana bidii" mara nne, na "ameacha bila sababu" mara tatu. Akatazama safu ya umri. Hakuna kati ya saba hao aliyekuwa chini ya miaka sitini.

Alikwenda kwenye nyumba zao zote saba, moja baada ya nyingine, na alichukua siku tano kuzimaliza, kwa sababu kila nyumba alilazimika kukaa, kunywa chai na kusema aliyokuja kuyasema. Bibi mmoja, aliyekuwa ameacha akiwa amebakiza somo moja tu kitabu cha kwanza kiishe, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba yeye aliona afadhali aonekane mvivu kuliko kumwangusha mwalimu anayevipenda vitabu vyake namna ile. Jumamosi Wakesho alisimama ukumbini, akasimulia habari ya kitabu cha nyuki, asiache hata picha ya mzinga. Alitegemea watazomea. Hawakuzomea. Walitazama sakafu, wakamwonea huruma, na hilo lilikuwa zito zaidi. Mkamburi alimwambia tu, "Kaa, mwalimu, umesimama sana." Kuanzia wiki hiyo kishikwambi chake kilizunguka mabenchi ya nyuma, kimoja kwa watu wanane, kila mmoja akingoja zamu yake.

Nyumbani Mghoi alisoma mezani, mlango wazi, saa yoyote aliyotaka. Wakesho alimwazimia kishikwambi kingine shuleni, kwa barua ya maombi, akijua kwamba siku moja kitabidi kirudishwe. Lakini macho yalikuwa yanakwenda upesi kuliko daktari alivyosema. Maneno matatu kwa mstari yakawa mawili, kisha moja. Kisha neno moja likawa halienei kwenye kioo, ikabidi alisukume kwa kidole lipite, silabi kwa silabi, mpaka afike mwisho wake akiwa amesahau mwanzo. Asubuhi moja ya mwezi wa tisa alikizima mwenyewe, akakisukuma mbali, akasema basi.

Wakesho alichukua kitabu kinene cha karatasi, akatafuta mahali mama yake alipoishia. Ulikuwa ukurasa wa mia tatu sabini na moja. Akamwuliza kama amsomee zilizobaki. Mghoi akakubali. Alimsomea mchana mzima, mama amekaa mikono magotini, uso umeelekea dirishani. Yule kaka alipatikana. Alikuwa hai, ana watoto, na dada yake alipofika mlangoni alimtambua kabla hajasema neno.

"Ahaa," Mghoi akasema. "Umesoma vizuri, mwanangu." Akaomba chai.

Wakesho alikwenda kuiinjika, na akiwa amesimama mbele ya jiko alipiga hesabu ambayo hakutaka kuipiga. Kurasa zilizobaki zilikuwa arobaini na moja. Kwa mwendo wa mama yake, kurasa mbili kwa siku, hizo ni siku ishirini na moja. Likizo ya mwezi wa nne peke yake, wakati shule zimefungwa na yeye Wakesho yuko nyumbani asubuhi mpaka jioni, akifurahia kuwa karibu na mama yake, ilikuwa ya siku ishirini na tatu. Katika siku hizo zote Mghoi hakusoma hata mstari. Alihesabu pumzi.

Chai ilichemka, akaipeleka. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, na hakuitaja likizo ile siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Mimi sikuja kuwaambia kama kitabu ni karatasi au ni kioo. Wenye macho wataendelea kubishana, na pande zote mbili zina hoja. Nimekuja kumwuliza kila aliyewahi kumfundisha mtu jambo jema, na akajisifia kwa ajili yake mbele za watu: ni nani nyumbani mwako analifanya kwa kujificha jema hilo hilo, akikusikia unakuja?